Kununua Baiskeli ya Kwanza Dukani: Mwongozo wa Fundi, Hatua kwa Hatua

Baiskeli mpya zinazoletwa kwenye meza yangu ya kazi zikiwa bado zinang'aa huwa na moja ya matatizo mawili: ama saizi yake haimfai mwenyewe, ama ilifungwa ovyo kabla ya kutoka dukani. Ubovu wa kiwandani ni nadra kuukuta. Matatizo hayo mawili yanaonekana kabla hujatoa hela, na kuyaona hakuhitaji ufundi. Kunahitaji macho, vidole, na muda ambao muuzaji hakukimbizi.

Mwongozo huu ni wa anayenunua baiskeli mpya, au iliyotumika lakini inauzwa na duka lenye mlango na jina. Kununua kwa mtu binafsi kuna hatari zake nyingine, siziingii hapa.

Hatua ya 1: Andika safari zako kwanza

Usiende dukani na jina la baiskeli kichwani. Nenda na majibu ya maswali haya: Utaendesha wapi, kwenye lami, vumbi, changarawe au mchanga? Kuna vilima? Utabeba mzigo au mtu? Umbali gani kwa siku ya kawaida (siyo siku ile unayojiota shujaa)? Na baiskeli italala wapi? Hili la mwisho watu hulisahau, halafu wanabeba chuma kizito kwenye ngazi kila jioni.

Majibu hayo yanapunguza uwanja haraka. Baiskeli ya mbio, yenye usukani uliopinda kwenda chini na tairi nyembamba, ni tamu kwenye lami safi na ni adhabu kwenye mashimo. Ya milimani ina tairi pana zenye meno. Hupita popote, lakini kwenye lami meno hayo hukula nguvu zako. Katikati kuna baiskeli za mjini na zile zinazoitwa haibridi, zenye usukani ulionyooka na tairi za wastani.

Kama bado hujui utakuwa mwendeshaji wa namna gani, ushauri wangu ni huu: usukani ulionyooka, foki (mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele) ngumu isiyo na shokapu, tairi zenye upana wa milimita 38 hadi 50, na fremu yenye matundu ya skrubu ya kufungia keria na madigadi. Baiskeli ya namna hiyo inafanya karibu kila kitu vizuri kiasi, na baada ya mwaka utajua mwenyewe unataka nini.

Neno kuhusu shokapu, kwa sababu ndizo zinazowavutia wanunuzi wapya kuliko kitu kingine. Shokapu nzuri ni ghali. Kwenye baiskeli ya bei ya chini, shokapu ni springi ndani ya bomba: inaongeza uzito, inameza sehemu ya nguvu unapokanyaga, na baada ya muda inaanza kucheza kushoto na kulia. Ile ya nyuma ni mbaya zaidi, maana ina maungio yanayohitaji matunzo ambayo hakuna anayeyafanya. Tairi pana iliyojazwa upepo kwa kiasi hutuliza matuta vizuri kuliko shokapu ya rahisi, na kuitunza ni kuipiga pampu tu.

Hatua ya 2: Chagua duka kabla ya baiskeli

Baiskeli nyingi hufika dukani ndani ya boksi zikiwa nusu zimefungwa. Gurudumu la mbele, usukani, kiti na pedali hufungwa hapohapo, na breki na gia hurekebishwa hapohapo. Kwa hiyo unaponunua baiskeli unanunua pia kazi ya mikono ya mtu usiyemwona. Mtafute umwone.

Duka lenye karakana, hata iwe kona yenye stendi na ubao wa spana, lina faida kubwa juu ya duka linalouza baiskeli kando ya majokofu na viti vya plastiki. Ingia, salimia, halafu sema tu kwamba unatafuta baiskeli na wewe ni mgeni wa mambo haya. Nyamaza usikie. Muuzaji anayejua kazi yake atakuuliza utaendesha wapi na utabeba nini. Anayekupeleka moja kwa moja kwenye baiskeli ya dirishani anauza stoku yake.

Kisha uliza mambo matatu. Nani amefunga baiskeli hii, na ninaweza kuongea naye? Nikiirudisha baada ya wiki chache ikazwe upya, ni bure? Dhamana inahusu nini hasa: fremu peke yake, au na vifaa vilivyofungwa juu yake? Jibu la swali la pili ndilo linalonionyesha zaidi duka ni la namna gani.

Hatua ya 3: Saizi

Hapa tukae kidogo, maana kila kitu kingine kwenye baiskeli kinaweza kubadilishwa isipokuwa fremu.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Namba kama 26, 27.5 au 29 ni ya gurudumu, haisemi chochote kuhusu urefu wako. Saizi inayokuhusu ni ya fremu, na huandikwa kwa sentimita, kwa inchi au kwa herufi S, M na L. Herufi hizo hazina mkataba kati ya viwanda: M ya huyu inaweza kuwa S ya yule. Ndiyo maana namwambia kila mtu ajipime juu ya baiskeli yenyewe. Jedwali la ukutani ni la kuanzia tu.

Kipimo cha kwanza: ukiwa na viatu utakavyoendeshea, simama ukiwa umepitisha bomba la juu la fremu katikati ya miguu, nyayo zote mbili chini. Pawe na nafasi ya kama sentimita 2 hadi 5 kati yako na bomba. Kwa njia za milimani iwe zaidi. Bomba likikugusa, hiyo ni kubwa, usiendelee nayo. Lakini fremu nyingi za siku hizi zina bomba linaloteremka kuelekea kwenye kiti, na hizo karibu kila mtu anafaulu kipimo hiki. Kwa hiyo usiishie hapo.

Kipimo cha pili ni kiti. Muombe muuzaji ashike baiskeli, au egemea ukuta. Kaa, weka kisigino juu ya pedali, izungushe hadi ifike chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Ukihamisha pedali chini ya sehemu pana ya wayo, ambapo ndipo inapokanyagwa, goti litapinda kidogo, na huko ndiko kunakotakiwa. Wanaoanza hupenda kiti kiwe chini ili miguu yote iguse ardhi. Naelewa, inatia moyo. Lakini kiti cha chini kinatesa magoti, na kilima kidogo kinageuka mlima. Kishushe siku za mwanzo ukipenda, kisha kipandishe kidogokidogo.

Hapohapo angalia bomba la kiti. Lina mstari au alama ya mwisho wa kupandishwa. Alama hiyo lazima ibaki ndani ya fremu. Kama kiti hakifikii urefu wako bila alama kutokeza nje, fremu ni ndogo kwako, hata muuzaji aseme nini.

Kipimo cha tatu ndicho kinachorukwa zaidi: umbali wa kufika kwenye usukani. Shika usukani kama unaendesha. Viwiko vipinde kidogo, mabega yawe yametulia, na uweze kuinua viganja vyote kwa sekunde moja bila kuanguka mbele. Ukihisi unajinyoosha na uzito wote uko viganjani, ni ndefu. Ukihisi umebanwa na magoti yanakaribia usukani unapokata kona, ni fupi. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa kubadilisha shingo ya usukani (kipande kinachoushikilia usukani) au kusogeza kiti kwenye reli zake. Tofauti kubwa hairekebishiki.

Ukijikuta kati ya saizi mbili, mimi husema chukua ndogo. Kiti kinapandishwa na usukani unasogezwa mbele. Fremu ikiwa kubwa, hakuna pa kuikata.

Na kwa mtoto, tafadhali, usinunue kubwa kwa hoja ya "atakua nayo". Mtoto asiyefika chini na asiyezungusha vidole kwenye mkono wa breki hawezi kusimama kwa wakati. Baadhi ya mikono ya breki ina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na usukani. Muombe fundi aitumie, inafaa pia kwa watu wazima wenye viganja vidogo.

Fremu yenye bomba la chini, ile unayopitisha mguu mbele ya kiti badala ya kuurusha nyuma, wengi huita ya kike. Inamfaa yeyote mwenye gauni, mwenye mzigo mrefu kwenye keria, au mwenye nyonga isiyopenda kurushwa.

Hatua ya 4: Usihesabu gia

Kibandiko cha "gia 21" kinauza baiskeli, lakini hizo 21 ni sahani 3 za mbele (zile duara za meno zinazopitiwa na mnyororo) zikizidishwa kwa sahani 7 za nyuma, na nyingi zinarudiana. Chukua sahani za meno 28, 38 na 48. Ukitumia 28 mbele na 14 nyuma, gurudumu linazunguka mara 2 kwa kila mzunguko wa pedali. Ukitumia 48 mbele na 24 nyuma, ni mara 2 vilevile. Umepanga mnyororo upya ukabaki palepale. Kinachokuhusu ni gia ya chini kabisa kuwa nyepesi ya kutosha kwa vilima vyako, na ya juu kabisa isikufanye upedali hewa kwenye mteremko. Sahani moja mbele na sahani 8 au 9 nyuma zenye tofauti kubwa zinawatosha watu wengi, na kuna waya mmoja pungufu wa kukusumbua.

Sehemu tambarare? Gia moja haina aibu.

Breki za kubana rimu ni rahisi kuzitengeneza popote. Za diski hufanya kazi vizuri zaidi kwenye mvua na matope; zile za waya hurekebishika kwa spana ndogo, za mafuta zina nguvu zaidi ila zikileta shida zinahitaji fundi mwenye vifaa vyake. Kama fundi wa karibu hajawahi kuzifungua, zichukue ukijua hivyo.

Fremu: chuma au aluminiamu. Beba sumaku ndogo mfukoni, hushika chuma na haishiki aluminiamu, na inamaliza ubishi wa dukani kwa sekunde. Aluminiamu haishiki kutu. Chuma kizuri ni kigumu na huchomeleka karibu popote, ila kikichubuka rangi kikaachwa kwenye unyevu kinaanza kuliwa. Baiskeli ya kwanza ya kaboni sioni sababu yake.

Hatua ya 5: Soma ubavu wa tairi

Dakika moja tu, lakini inaokoa siku nyingi. Kwenye ubavu wa tairi kuna namba mbili zenye kistari katikati, mfano 47-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokalia rimu. Hiyo ya pili ndiyo ukweli. Majina ya inchi yanadanganya: tairi ya 26 × 1⅜ kwa kawaida hukalia 590, na ya 26 × 1.75 hukalia 559. Zote zinaitwa ishirini na sita, na haziingiliani kabisa. Kwa upande mwingine, 29 za milimani na 700C za barabarani zote ni 622.

Sasa muulize muuzaji: tairi na tyubu za namba hii unazo hapa dukani? Zionyeshe. Kama yeye aliyeuza baiskeli hana, jua utakuwa unazisaka.

Angalia na valvu. Kuna nene kama ya gari, kuna nyembamba yenye kinati kidogo cha kufungua kabla ya kujaza, na kuna ile ya baiskeli za zamani yenye kofia ya kukaza. Pampu utakayonunua lazima ilingane nayo.

Hatua ya 6: Ikague ikiwa imesimama

Fanya mbele ya muuzaji, taratibu, bila kuomba radhi. Anza mbele kwenda nyuma.

Foki: je, imegeuzwa? Inaonekana mzaha, lakini baiskeli zilizofungwa haraka hutoka hivyo. Ncha za chini za foki zinatakiwa kuelekea mbele, na breki ya mbele, kama ni ya kubana rimu, iwe mbele ya foki. Baiskeli yenye foki iliyogeuzwa ina usukani wenye wasiwasi, na kidole cha kiatu kinagusa tairi. Ukiona hivyo, usiombe irekebishwe. Toka. Aliyeacha hilo likapita ameacha mengine usiyoyaona.

Magurudumu: inua, zungusha, tazama pengo kati ya rimu na raba ya breki, au kati ya rimu na fremu kama ni diski. Likiyumba kushoto na kulia, spoku hazijavutwa sawasawa. Bana spoku mbilimbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote, ukihisi jozi iliyolegea kuliko wenzake, ionyeshe. Kisha shika gurudumu juu na ulitikise kuelekea pembeni. Likicheza, gololi za ekseli hazijakazwa vizuri.

Gurudumu likifungwa kwa kifungio chenye mkono badala ya nati, mkono huo unalazwa, hauzungushwi kama parafujo. Ukiulaza unatakiwa ukuachie alama kidogo kiganjani. Omba uonyeshwe, kisha ulifungue na kulifunga mwenyewe mara moja ukiwa bado dukani.

Breki: bana kila mkono kwa nguvu zako zote. Usifike kwenye usukani. Raba zikamate rimu tupu. Zikigusa tairi zitaitoboa, zikining'inia chini ya rimu zitateleza kuingia kwenye spoku.

Shingo ya fremu: bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye maungio ya foki na fremu. Ukihisi mgongano, imelegea. Kisha inua mbele na ugeuze usukani. Uende laini bila kukwama katikati.

Krenki, yaani mikono inayobeba pedali: shika zote mbili, sukuma kwenda pembeni. Zisicheze hata chembe.

Pedali: hapa kuna siri inayowaumiza wengi. Pedali ya kulia hukazwa kawaida, lakini ya kushoto ina uzi wa kinyume. Zina alama R na L. Asiyejua hulazimisha ya kushoto iingie kama ya kulia, na krenki mpya imekwisha. Chungulia: pedali iingie ikiwa imenyooka hadi mwisho, uzi usionekane, pasiwe na vumbi la chuma pembeni.

Mwisho, muombe aipandishe kwenye stendi na apitishe gia zote huku ukitazama. Kila mbofyo mmoja, hatua moja. Mnyororo usidondoke upande wa spoku wala wa fremu.

Hatua ya 7: Iendeshe

Duka linalokataa usiijaribu hata uani linakuambia kitu. Acha kitambulisho au dhamana wanayotaka, ila ipande.

Kabla hujaondoka uliza mkono upi ni wa breki ya mbele. Hubadilika kati ya nchi na nchi, Uingereza kwa kawaida ni wa kulia, sehemu nyingine nyingi ni wa kushoto. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha, kwa hiyo ibane polepole huku ukirudisha uzito nyuma. Kama ni diski mpya, usishangae zikishika hafifu. Pedi zake zinahitaji kubanwa mara nyingi kwa mwendo wa wastani kabla hazijakamata sawasawa.

Nenda polepole, achia mkono mmoja ukiweza, uone kama inavuta upande. Tafuta mwinuko mdogo ubadili gia ukiwa bado unazungusha pedali kwa wepesi. Sikiliza. Baiskeli mpya inatakiwa kuwa karibu kimya. Mlio unaorudi kila mzunguko wa pedali unatoka kwenye krenki au pedali. Unaorudi kila mzunguko wa gurudumu unatoka kwenye breki au rimu. Huna haja ya kujua tiba. Mwambie fundi unasikia lini, naye atajua pa kuanzia.

Jaribu angalau mbili, hata kama ya kwanza umeipenda. Bila ya pili ya kulinganisha, kila baiskeli ni nzuri.

Hatua ya 8: Mezani

Wengi hapa hupambana kushusha bei hadi dakika ya mwisho. Bei ikishuka sana, fundi ndiye anayelipa kwa muda wake, nawe utamhitaji. Mimi ningeomba vitu badala ya punguzo: akubadilishie kiti au shingo ya usukani ikukae, akufungie madigadi bila malipo ya kazi, akuongezee tyubu mbili. Kwake ni rahisi kukubali, na kwako vina thamani kuliko hela ndogo iliyokatwa.

Pindua baiskeli. Chini ya fremu, pale krenki zinapopita, kwa kawaida kuna namba ya fremu iliyogongwa kwenye chuma. Hakikisha namba hiyo imeandikwa kwenye risiti, kisha ipige picha pamoja na baiskeli nzima. Ikiibwa, bila namba huna cha kuonyesha. Na kama unanunua iliyotumika ukakuta namba imesuguliwa, achana nayo.

Siku hiyohiyo ondoka na kufuli imara, pampu, taa ya mbele na ya nyuma, na helmeti inayokukaa bila kuyumba hata kabla ya kufunga mkanda. Hizo ziwe ndani ya bajeti tangu mwanzo. Kaptula zenye sponji, kishika simu na mengineyo yanaweza kusubiri.

Hatua ya 9: Wiki za kwanza

Waya za breki na gia hukaa kwenye mirija yake baada ya kutumika kidogo, na spoku nazo hutulia. Kwa hiyo gia zitaanza kusita na mikono ya breki itaingia ndani zaidi. Hiyo si hitilafu, ndiyo sababu ya ile safari ya bure uliyoiulizia kwenye hatua ya 2. Irudishe hata kama hujaona shida.

Nyumbani kazi yako ni ndogo: upepo wa tairi kila wiki, ndani ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake, na mnyororo kufutwa kwa kitambaa na kupakwa mafuta ya baiskeli, kisha kufutwa tena hadi nje ubaki mkavu. Mafuta yanayobaki nje hukusanya mchanga, na mchanga unasaga meno. Kama una breki za diski, yasizifikie kabisa.

Kitu kimoja hakisubiri miadi. Krenki ikianza kucheza au kutoa mlio wa kugonga katikati ya safari, shuka. Krenki nyingi za bei ya kawaida hukaa kwenye ekseli yenye pembe nne, na zikiendeshwa zikiwa zimelegea, ekseli ngumu hupanua tundu hadi likawa duara. Hapo hata ikazwe vipi haitashika tena. Isukume hadi dukani, ikazwe kwa spana ndefu, na uweke risiti yako mezani, maana nati iliyolegea wiki ya kwanza ni kazi ya aliyeifunga.